UZI: Huu utani wa "mshamba wa mkoani" kuna watu unawaingizia pesa

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, bila kutukanana makabila.

Mtu akitokea Makambako, Nzega, Masasi, Kondoa au Namanyere akashuka Dar, watu wameshamjua kabla hajafungua mdomo. Mzito wa kuelewa. Hajui bei ya kitu. Kwao kuna wachawi. Mpole, mchapakazi, hana makuu. Binti yake anafaa kazi za ndani, kijana wake anafaa kubeba mizigo na kulinda geti. Mengine ni matusi, mengine yanasemwa kama sifa, lakini mimi nayaweka fungu moja.

Hoja yangu ni kwamba dhana hizi zina bei. Kila zinapotumika kuna anayelipwa pungufu, na kuna anayebaki na ile tofauti. Tukiishia kuambiana "tuache kudharauliana" tunakuwa hatujagusa kitu.

Nitaanza na lumbesa, kwa sababu nimekulia kwenye viazi ukanda wa Njombe na hili nalijua kwa macho. Mnunuzi anakuja na magunia yake. Vijana wanajaza viazi, wanalinyanyua gunia na kulitua ili vishuke, wanasindilia pembe mpaka gunia linasimama lenyewe. Hapo lilitakiwa kushonwa. Halishonwi. Kinaletwa kipande cha gunia jingine au wavu, kinaunganishwa mdomoni kwa kamba, wanaendelea kujaza mpaka juu kunatokea kichwa, ndipo wanalifunga msalaba. Mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, hairuhusu mzigo wa mazao kuzidi kilo 100, na hakuna mtu pale shambani asiyeona kwamba kilo 100 zimepitwa zamani. Mzigo huohuo ukifika sokoni Dar unafunguliwa na kuuzwa kwa sado na kwa kilo. Hapo hesabu inarudi kuwa sahihi.

Waulize wanaofanya hivyo. Watakwambia wakulima wa huku wameshazoea, hawajui mizani, ukiwaletea watadhani unawaibia. Huo ni uongo. Mkulima anajua kabisa. Anakubali kwa sababu viazi vimeshachimbwa na vinaanza kuota kijani juani, lori lililopo ni hilohilo, na mnunuzi wa kesho naye atataka lumbesa. Kinachoitwa ujinga wake ni kukosa pa kwenda. Ila tukishamwita mshamba, hakuna anayeuliza tena kwa nini hana pa kwenda.

Karibuni. Wenye mifano ya kwao waiweke.

Mzawa wa Ilala

Mkuu, mimi nadhani unakuza jambo. Nchi hii imejengwa kwa utani. Wazaramo na Wanyamwezi, Wangoni na Wahehe, wanaambiana maneno mazito na hakuna anayekasirika. Ukianza kupima kila mzaha utatuondolea kitu kizuri ambacho majirani zetu wengi hawana.

Mleta uzi

Ndugu yangu, utani wa jadi naupenda na sitaki ufe. Lakini angalia ulivyo na masharti. Mtani anakusema, na wewe unamsema. Ukifiwa, mtani wako ndiye anakuja kuchekesha watu msibani, anazuia jeneza mpaka apewe chochote, kisha anashika jembe anachimba kaburi. Ana haki juu yako na ana wajibu kwako. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, na utani ndio uliowapa namna ya kukaa meza moja baadaye.

Sasa niambie, bosi anayemwita mlinzi wake "mshamba wewe" mbele ya wageni, mlinzi anaruhusiwa kumjibu nini? Huo hauna utani ndani yake.

Binti wa Kilolo

Mleta mada ameandika "mengine yanasemwa kama sifa", naomba niongezee hapo maana nimeyaishi.

Nilitoka kwetu Kilolo kwenda kufanya kazi za ndani mjini baada ya kumaliza darasa la saba. Dalali aliyenichukua alikuwa akiongea na simu mbele yangu, anamwambia mama mwenye nyumba: huyu ni mtoto wa Iringa, mpole, hasumbui, hajui mji. Nilifurahi kusikia nasifiwa. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba "hajui mji" ndiyo iliyokuwa bidhaa yenyewe. Maana yake hana ndugu karibu, hajui gari la kurudi kwao linapakia wapi, hajui jirani analipwa shilingi ngapi. Mtu wa hivyo hawezi kuondoka hata akitaka.

Mshahara nilikuwa natunziwa, ndivyo nilivyoambiwa. Kuamka saa kumi na moja, kulala wa mwisho. Mtoto wa nyumba alikuwa na umri kama wangu, yeye yupo kidato cha kwanza, mimi namfulia sare.

Wadada wanaosoma hapa na mlio kwenye hizo kazi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikuwaacha nje. Inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Inasema saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mimi nilikuja kuyajua hayo nikiwa nimeshaacha kazi, kupitia jirani aliyekuwa kwenye chama cha wafanyakazi.

Na nyinyi mnaoandika mitandaoni "natafuta dada wa kazi, awe wa Singida au Iringa, asiwe mjanja", jiulizeni mnatafuta mfanyakazi au mnatafuta mtu asiyeweza kudai.

Mleta uzi

Dada, asante sana. Sina la kuongeza kwenye hilo. Wote wanaoingia kwenye uzi waanzie hapa.

Mmakua wa Masasi

Nije na la kusini. Sisi tunaambiwa tuko nyuma. Kila mtu wa Mtwara na Lindi ameshalisikia hilo, kwamba sisi ni wa ngoma na unyago, shule hatutaki, maendeleo hatuyapendi.

Sasa hebu tuangalie barabara. Mpaka 2003 kwenda Dar kulikuwa na Rufiji ya kuvuka kwa pantoni pale Ndundu. Masika ikija, njia inakatika, watu wanalala njiani na magari yao. Daraja la Mkapa, mita 970, lilifunguliwa mwaka huo. Hata hivyo kile kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kikabaki tope kwa miaka mingi zaidi kabla ya lami kukamilika. Reli tuliwahi kuwa nayo. Waingereza waliijenga kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya mradi wao wa karanga ulioanza 1947. Mradi ukafa ndani ya miaka michache, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Watu wenye reli wakawa watu wasio na reli, kisha wakaulizwa kwa nini hawaendelei.

Halafu vijana wetu walipokwenda Dar kutembeza bidhaa mkononi, jina la Wamachinga likawa la kila mchuuzi nchini, na likawa jina la usumbufu. Kijana ametembea Kariakoo mpaka Mwenge na mashati begani, jioni anaitwa mvivu aliyekimbia kilimo.

Na kwa kuwa mleta mada kagusa mizani: mkulima wa korosho anayesemwa yuko nyuma anauza kwa kilo. Tangu msimu wa 2007/08 mfumo wa stakabadhi ghalani umekuwepo. Anapeleka korosho kwenye chama cha msingi, zinapimwa, anapewa karatasi yake, mzigo unakwenda ghala kuu, unaingia mnadani. Una matatizo, sitaki kuwadanganya: malipo yanachelewa, makato ni mengi, na kuna viongozi wa vyama waliokula hela za watu. Lakini ugomvi wetu huku ni wa kilo na bei. Gunia lenye kichwa hatulijui.

Mleta uzi

Huu mchango ni mkubwa kuliko mada niliyoileta. Kumbe yule "aliye nyuma" kwenye kipimo yuko mbele ya sisi wa viazi.

Mwana Kibaigwa

Mimi natokea Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Mji mdogo, uko kando ya barabara kuu ya Morogoro–Dodoma. Soko letu la mahindi linajulikana mpaka nje ya nchi, msimu ukifika malori yanapanga foleni. Na bado nikisema nyumbani ni Dodoma swali la kwanza ni lile la kuomba barabarani. Nimeulizwa hilo kazini, nimeulizwa ukweni.

Babu yangu alikuwa akitusimulia Mtunya, ile njaa kubwa ya Wagogo. Wengi hawaijui kabisa, kwa hiyo nitaieleza kidogo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopita Ugogo, walianza Wajerumani kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi. Wakaja Waingereza, nao wakachukua. Nchi ile ni kavu. Watu wake wamezoea kuishi kwa akiba: mwaka mbaya unauza ng'ombe unanunua mtama. Akiba yote ikawa imekwenda vitani, kisha mvua zikagoma. Kati ya 1917 na 1920 watu walikufa kwa maelfu. Wengine walitoka kwenda kwa majirani kutafuta chakula, na wakati huo kutembea kwenda kwa mtu kumwomba mtama ndiyo ilikuwa njia ya kumwokoa mtoto.

Wanaofanya mzaha na Wagogo wanamcheka mtu aliyenyang'anywa. Na ombaomba walioko Dar leo wametoka mikoa mingi, wengi ni walemavu na wazee waliokosa wa kuwaangalia. Kwa nini kabila moja ndilo liwabebe wote?

Mzawa wa Ilala

Mtunya nilikuwa siijui. Asante, kaka.

Ila bado nina langu. Mimi nimezaliwa Dar, na nyinyi mkifika hapa mnatuita wavivu, matapeli, watu wa umbea na vibaraza. Mama mmoja wa Mafinga alikataa mwanawe asimuoe dada yangu, akasema wanawake wa Dar hawajui jembe. Hiyo nayo iko wapi kwenye uzi?

Mleta uzi

Ipo, na una haki ya kulalamika. Naongeza nyingine ambayo wenzangu wa mikoani hatupendi kuisema: pale Makambako mjini, mtu wa kijijini ndani huko anayeshuka na kuku wake wawili anaitwa mshamba na watu ambao wenyewe wakifika Dar wataitwa hivyohivyo. Bei anayopewa ya kuku wale inaendana na jina aliloitwa. Ndiyo maana nasisitiza kuangalia pesa inakwenda wapi. Mama wa Mafinga alimuumiza dada yako, na alikosea. Lakini hana uwezo wa kumpangia mshahara mtu wa Dar. Mtu wa Dar anao uwezo huo kwa mtoto wa Mafinga.

Tena huyo mtu wa Dar ni nani? Sensa ya 1967 Dar es Salaam haikufika watu laki tatu. Sensa ya 2022 imehesabu 5,383,728 katika mkoa wote. Hawa hawakuzaliwa wote Gerezani na Kariakoo. Wengi wao ni sisi, au wazazi wetu, au babu zetu.

Mzee wa Tandika

Wanangu, nimesoma yote. Niwaambie nilichokiona.

Mwaka 1983 ilikuja operesheni ya Nguvu Kazi. Unatembea mtaani unaulizwa kitambulisho cha kazi. Huna, unapandishwa kwenye gari. Waliokamatwa walikuwa wauza karanga, wauza maji, mafundi viatu wa chini ya mti, na kina mama waliotoka kununua mboga. Walirudishwa mikoani kwao, wengine walipelekwa kulima kwenye vijiji. Kwenye karatasi ilisemwa ni kupambana na uzururaji. Nilikuwa kijana wa karakana, nilikuwa na kitambulisho, nikapona. Mwenzangu niliyepanga naye chumba alikuwa anauza maandazi. Alichukuliwa asubuhi, na sufuria ya mafuta ilibaki jikoni kwa mama mwenye nyumba. Baada ya miezi alirudi kwa miguu na kwa malori ya kuombaomba lifti, akaanza upya maandazi. Watoto wake leo ndio wenye nyumba pale.

Kwa hiyo hii ya kumuuliza mtu "wewe kwenu wapi, rudi kwenu" haikuanza kwenye simu zenu. Iliwahi kuwa sheria.

Binti wa Kilolo

Shikamoo mzee. Tunashukuru kwa kutuambia.

Mzee wa Tandika

Marahaba mwanangu.

Jirani wa Butiama

Naomba niweke hii tu. Nyerere, Butiama. Mwinyi, Kivure. Mkapa, Lupaso, Masasi. Kikwete, Msoga. Magufuli, Chato. Samia, Kizimkazi. Marais wote sita tangu uhuru wametoka vijijini na miji midogo. Hakuna hata mmoja wa katikati ya jiji.

Mleta uzi

Ni kweli na inatia moyo. Ila tusiitegemee sana orodha hiyo. Inamaanisha mtu wa Chato mpaka awe rais ndipo aachwe kuitwa mshamba. Mimi namtetea yule ambaye hatakuwa chochote, atabaki fundi baiskeli Nzega mpaka azeeke, na bado anastahili kulipwa sawa na kuongeleshwa vizuri.

Mfipa wa Kizwite

Sumbawanga hapa. Kwetu imeshakuwa jina la uchawi nchi nzima. Mdogo wangu alipokuwa anatafuta chumba mjini, dalali alimpeleka nyumba, wakakubaliana kodi, mwenye nyumba akauliza kwao. Aliposikia Sumbawanga akasema chumba kimeshapata mtu. Kesho yake tangazo lilikuwa bado lipo.

Rukwa inalisha nchi hii mahindi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana maghala hapa kwa sababu mzigo upo hapa. Wazee wetu walikuwa wakiyeyusha chuma kwenye tanuru za udongo ndefu kuliko mtu, na majembe ya Ufipa yalikwenda mbali kabla ya mkoloni kufika. Hayo hayajulikani. Kinachojulikana ni ungo na radi. Lami ya kutoka Tunduma imetufikia miaka ya 2010, kwa hiyo watu wengi waliotuzungumzia muda wote huo hawakuwahi kufika. Mji ambao hujawahi kuuona ni rahisi kuujaza mashetani.

Afisa rasilimali watu

Mimi nakaa kwenye usaili mara kwa mara, nitasema ninachokiona bila kutaja mahali. Kwenye fomu ya alama huwa kuna kipengele cha kujieleza na mwonekano. Kijana wa Kahama au Tarime akiingia, akachanganya "r" na "l", au akaongea polepole kwa adabu akiangalia chini kama alivyolelewa kuongea na wakubwa, kipengele hicho kinashuka. Wanaandika "hajiamini". Nimeona waliomaliza na ufaulu mzuri wakiachwa hapo, na nafasi ni ya mhasibu, mtu wa kukaa na vitabu vya hesabu.

Tulichofanikiwa kubadilisha tulipo: mtihani wa maandishi unasahihishwa kwanza, kwa namba bila jina, na alama zinafungwa kabla ya mahojiano ya ana kwa ana. Kipengele cha kujieleza kimebaki kwa nafasi zinazohusu wateja tu. Waliopita wakaanza kutoka shule na vyuo ambavyo zamani tulikuwa hatuwaoni.

Mleta uzi

Dada, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta kwenye uzi huu, kitu ambacho mtu anaweza kukifanya Jumatatu asubuhi ofisini kwake. Naomba wenye ofisi wakisome mara mbili.

Mwanafunzi wa Igunga

Kaka mleta mada, mimi naanza chuo Dar mwaka huu. Wenzangu wameniambia nijitahidi nibadilishe lafudhi na nisiseme ninakotoka mpaka nizoee. Unashauri nini?

Mleta uzi

Mdogo wangu, sema unatoka Igunga. Lafudhi iache, itabadilika au itabaki, haina kazi yoyote kwenye mtihani. Cha kujifunza haraka ni bei: kodi ya chumba, nauli, chakula, malipo ya kazi za muda. Uliza watu watatu kabla ya kulipa mmoja. Chumba usikilipie kwa dalali kabla ya kumwona mwenye nyumba, na mkataba usome wote kabla ya kusaini. Anayekuita mshamba mara nyingi anapima kama unajua bei.

Mkulima wa Matembwe

Habari zenu. Nami ni wa viazi. Sisi wachache tumeshakubaliana kukataa lumbesa msimu ujao. Shida ni kwamba wanunuzi wanatuambia watakwenda kijiji cha pili. Tufanyeje?

Mleta uzi

Kaka, mmeanza vizuri, lakini wachache hamtatosha, ndivyo ilivyoshindikana kwetu mara ya kwanza. Nendeni mkakae na hicho kijiji cha pili kabla ya kuchimba, kwa sababu lori likishafika wao ndio watatumika kuwavunja. Kama kuna AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, au kikundi kilichosajiliwa, mizani inunuliwe na kikundi, isiwe ya mtu mmoja. Hakikisheni imekaguliwa na Wakala wa Vipimo na ina stika ya mwaka husika, maana mnunuzi akikuta haina atasema imechezewa na atakuwa na hoja. Bei iandikwe ya kilo, ubaoni, kabla ya vijana kugusa gunia. Na msichimbe shamba lote siku moja. Kiazi kilichoko ardhini kinasubiri, kilichochimbwa hakisubiri, na mnunuzi anajua hilo kuliko mtu yeyote.

Mkikwama, rudini hapahapa mseme mmekwama wapi. Wa korosho wako humu, wana uzoefu wa vyama kuliko sisi.

Mmakua wa Masasi

Nipo. Kaka wa Matembwe, nitumie ujumbe nikueleze tulivyoandika fomu za mapokezi ya mzigo. Kila mkulima abaki na nakala yake, hilo msilikubali vinginevyo.